Kijana wa Mambo Matatu: Mfungo, Tovuti na Ukulele

Mambo yanayoletwa mbele ya kamati ya msikiti katika mji kama Sumbawanga ni yale yale, miaka nenda miaka rudi: ndoa zenye misukosuko, mirathi, paa linalovuja, maji ya udhu yaliyokatika, michango ya sanda. Kwa hiyo mzee mmoja wa jamaa yetu, mwalimu mstaafu, alipoingia ofisini baada ya swala ya Ijumaa na kutuambia kwamba amekuja kumshitaki mwanawe kwa kosa la kuwa na shughuli tatu zisizoeleweka, tulilazimika kumwomba arudie. Alizihesabu kwa vidole. Ya kwanza, kijana hataki tena uji wa asubuhi wala si mgonjwa. Ya pili, anakesha mbele ya kompyuta akiandika maneno ambayo si Kiswahili, si Kiarabu, wala si Kiingereza cha watu. Ya tatu, amenunua kigitaa kidogo chenye nyuzi nne. "Hizo mbili nitazivumilia, Sheikh Katibu," alisema, "lakini hicho kigitaa nitakitia jikoni."

Kijana mwenyewe tunamfahamu. Mchana anauza mbegu na mbolea katika duka la pembejeo, jioni huwa safu ya pili msikitini. Si mtu wa vijiweni. Tukamwita, tukamsikiliza, na kwa kuwa tunaamini wazazi wengine wanayo maswali kama ya mzee wetu, tumeona tuyaandike haya katika kurasa za familia.

Tuanze na uji. Kijana anafuata kile kinachoitwa mfungo wa vipindi, kwa mtindo wa saa 16 kwa 8: hukaa saa 16 bila kula, kisha hula ndani ya saa 8, tuseme kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Maji anakunywa, na chai isiyo na sukari. Upo pia mtindo wa siku tano kwa mbili, ulioenezwa mwaka 2012 na Michael Mosley, daktari na mtangazaji wa Uingereza: siku tano mtu anakula kama kawaida, siku mbili anakula kidogo sana. Msomaji anayefunga Jumatatu na Alhamisi atatabasamu hapa. Tusiharakishe hata hivyo kusema kwamba wametuiga, wala kwamba sisi tunafanya wanachofanya wao. Swaumu ni ibada yenye nia, inayoanza alfajiri na kwisha magharibi, na ndani yake hata maji hayapiti kooni. Mwenye kuacha kula ili suruali imwenee amefanya jambo la halali, lakini hilo haliitwi swaumu.

Na hapa tuna neno kwa wahubiri wetu. Mwaka 2016 Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufichua jinsi seli zinavyosaga sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Tangu hapo tumesikia mara kadhaa, hata juu ya mimbari, kwamba Mjapani huyo amethibitisha faida za Ramadhani. Kazi iliyompatia tuzo aliifanya kwa hamira, hii hii inayoumua maandazi, hakuwapima wafungaji. Aidha, utafiti uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2022 katika jarida la The New England Journal of Medicine, uliwafuata kwa mwaka mmoja watu 139 wenye unene uliopita kiasi. Wote walipunguziwa chakula, ila kundi moja lilikula ndani ya saa 8 tu kila siku. Mwishoni, tofauti ya kilo walizopunguza makundi hayo mawili haikuwa ya kutiliwa maana. Ibada yetu haihitaji kuegemezwa kwenye ushahidi ambao wenye nao hawakuutoa.

Jambo lililotushitua katika habari ya uji si uji wenyewe. Shangazi wa kijana, anayetumia dawa za kisukari, alimwona mpwa wake amepungua na kuchangamka, akaamua kumfuata kimya kimya. Akaacha kula asubuhi, lakini dawa akaendelea kuzimeza saa ile ile. Siku ya nne alianza kutetemeka na kutoka jasho huku nje kuna baridi ya mwezi wa sita, ambayo mtu wa Ufipa anaijua. Jirani mwenye akili alimpa maji ya sukari kabla ya kumkimbiza zahanati, ambako waliambiwa kwamba sukari ilikuwa imeshuka. Alipona, alhamdulillahi. Dawa za kisukari za aina fulani, na sindano za insulini, hushusha sukari mwilini iwe umekula au hukula. Anayezitumia asibadilishe saa za kula kabla ya kuzungumza na daktari wake. Hata katika Ramadhani, ambayo ni faradhi, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa katika Sura Al-Baqara. Itakuwaje tuidhulumu nafsi katika jambo ambalo hata sunna si sunna?

Mama wa kijana naye alikuwa na lake, na yeye hakuja ofisini kulisema. Tulilipata kwa wake zetu. Uji wa ulezi ndicho chakula pekee ambacho nyumba ile ilikuwa ikikaa pamoja kukinywa, kwani mchana kila mtu yuko kazini kwake na usiku wengine wanalala mapema. Kiti cha kijana kilipobaki kitupu, mama alidhani amemkosea. Tulimkumbusha kijana kisa cha Salman al-Farisi, aliyemtembelea nduguye Abu Dardaa, akatengewa chakula, na akakataa kula mpaka mwenyeji wake aliyekuwa amefunga sunna ale pamoja naye. Ikiwa mfungo wa sunna uliweza kusogezwa kwa ajili ya mgeni, saa 16 za kijana zinaweza kusogezwa kwa ajili ya mama. Sasa anaanza kula saa 1 asubuhi na kumaliza saa 9 alasiri. Hesabu yake ni ile ile, na uji anakunywa.

Shughuli ya pili ndiyo iliyotufanya tuketi naye muda mrefu. Yale maneno yasiyo ya lugha yoyote ni maelekezo ya kutengeneza kurasa za tovuti. Alitueleza kwamba HTML ni mifupa ya ukurasa, CSS ni mavazi yake, na JavaScript ndiyo inayoufanya ukurasa utende jambo. Hakusoma chuo, amejifunza kwa masomo ya bure kwenye simu na kwa kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa imetumika. Hilo linawezekana kwa sababu mtandao wa tovuti, uliobuniwa mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, uliachiwa wazi kwa watu wote tarehe 30 Aprili 1993, pasipo malipo wala kibali. Mzee wetu alipouliza kama elimu hiyo ni ya wenzetu tu, tulimkumbusha kwamba neno algoritimu, ambalo watu wa kompyuta hawalali bila kulitaja, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9.

Na kijana amekifanyia nini kipaji hicho? Ametengeneza ukurasa wa nyakati za swala za Sumbawanga. Asiyeishi huku hatajua uzito wa jambo hili. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya 39.3 mashariki, Sumbawanga 31.6. Jua hutumia dakika 4 kwa kila nyuzi moja ya longitudo, hivyo linazama kwetu karibu nusu saa baada ya kuzama kule, na saa zetu za ukutani ni zile zile. Kila Ramadhani tunao wageni, na hata wenyeji, wanaofungua kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam au kwa simu iliyobaki na mipangilio ya huko, ilhali jua la Ufipa bado linawaangalia. Swaumu ya siku nzima inaharibika kwa tende moja.

Wapimaji wa wakati walikuwa watu wakubwa katika Uislamu. Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki mashuhuri wa karne ya 14, alikuwa mpima wakati wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus. Kijana wetu hana cheo hicho, na ukurasa wake wa kwanza ulimwaibisha. Ilikuwa mwezi wa sita. Ukurasa ulionesha magharibi saa 1 na dakika 13. Muadhini wetu, mzee ambaye amelitazama jua la mji huu maisha yake yote, aliushika simu mbali na macho, akasoma, akasema, "Mwanangu, jua la hapa halichelewi hivyo wakati wa baridi. Litatua saa moja kasorobo." Walitoka nje wakasubiri pamoja. Likatua saa moja kasorobo.

Kosa lilikuwa kistari kimoja. Sumbawanga iko nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Kijana aliandika 8 bila alama, na kwa hiyo kompyuta ikatuhamishia kaskazini ya ikweta, ambako mwezi wa sita mchana ni mrefu. Kwa kistari hicho tu, magharibi ikasogea karibu nusu saa. Alirekebisha usiku ule ule.

Tangu hapo kamati haikukubali kuutegemea ukurasa kwa maneno matupu. Tumesimamisha uani kijiti cha mita moja. Zawali hapa kwetu huangukia, kwa wastani wa mwaka, karibu saa 6 na dakika 54 mchana, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo ya 45 nasi tuko mbali magharibi mwake. Lakini mapema Novemba huja kama robo saa kabla ya hapo, na katikati ya Februari kama robo saa baadaye. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua hupita utosini, na wakati wa zawali kijiti kinakosa kivuli kabisa. Mwishoni mwa Juni kivuli cha zawali ni karibu sentimita 61, hivyo kwa madhehebu ya Shafi Alasiri inaingia kivuli kikifika sentimita 161. Watoto wa madrasa wamepewa kazi ya kupima na kuandika daftarini, na tunaona wanaipenda kuliko masomo mengine tunayowafundisha, jambo ambalo walimu wao hawalifurahii sana.

Tunakuja kwenye kigitaa. Ukulele ni ala ya Hawaii, lakini mzazi wake alitoka Madeira, kisiwa cha Wareno katika bahari ya Atlantiki. Mwezi Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu na wahamiaji waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala waliojua kutengeneza vigitaa vya kwao. Wenyeji wakavipenda mpaka vikawa vyao. Nyuzi ni nne, za nailoni, na ala yenyewe inaingia kwapani. Pwani yetu nayo ina historia ya namna hiyo: gambusi lililokuja na watu wa Yemen, na udi uliopigwa katika vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905.

Juu ya hukumu yake hatutawaficha wasomaji kwamba kamati haikuafikiana. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu manne, na Shafi tunaowafuata miongoni mwao, wamezikataza ala za nyuzi. Imamu Ghazali, ambaye aliizungumza sauti nzuri kwa upana na upole, bado alizitoa nyuzi katika alichokiruhusu, akizihusisha na vikao vya ulevi. Ibn Hazm wa Andalusia alizichambua hoja za uharamu akaziona dhaifu, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliruhusu kwa masharti. Sisi kamati hatutoi fatwa. Tulichoweza kukubaliana ni cha kiutawala: ala haiingii katika uwanja wa msikiti, haifundishwi madrasa, na nyumbani kwa mzee amri ni ya mzee. Mzee naye tulimwomba asichome kitu alichonunua mwanawe kwa jasho lake, kwa kuwa mali ya mtu ina hukumu yake pia, na hiyo haina hitilafu.

Walikubaliana wenyewe kwamba ukulele ukae dukani. Kijana huupiga nusu saa baada ya kufunga hesabu, kabla ya magharibi, na ikiingia adhana anauning'iniza ukutani. Analalamika kwamba ukame wa kiangazi cha huku unaukausha ubao hata kuupasua, na ameweka kitambaa chenye unyevu ndani ya mkoba wake.

Kazi iliyobaki kwenye ukurasa ni ya miji mingine. Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, iko nusu nyuzi magharibi mwetu, hivyo dakika 2 zinaongezwa. Muze ndiko kwenye shida, kwani wako chini ya mteremko wa milima ya Mbizi, na jua linajificha nyuma ya milima kabla halijazama kwa kweli. Wapo wanaofungua kwa kivuli cha mlima. Ndugu wa Muze, Laela, Matai na Namanyere watakaokuwa na daftari la saa walizoliona jua likizama walilete ofisini Ijumaa yoyote, na waandike tarehe pamoja na jina la mahali waliposimama.