Kutoka Manowari Hadi Uwaziri: Mathews Alimtumikia Nani?

Kila palipo na mtumishi wa umma pana swali moja ambalo hapana budi liulizwe: anamtumikia nani? Swali hili si la leo wala la jana. Sisi wa visiwa hivi tulipaswa kuliuliza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alipopanda pwani yetu kijana mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye baadaye alishika funguo za serikali nzima ya Zanzibar. Jina lake ni Lloyd William Mathews.

Mathews alizaliwa mwaka 1850 mjini Funchal, katika kisiwa cha Madeira. Naye basi alikuwa mtu wa kisiwani kwa kuzaliwa. Alijiunga na jeshi la majini angali mtoto, mwaka 1863, na miaka kumi baadaye alipigana katika vita vya Waingereza dhidi ya Waashanti, Afrika ya Magharibi. Mwaka 1875 aliletwa Unguja kufanya kazi katika manowari iliyoitwa London, iliyotia nanga bandarini mwetu ili kuzuia biashara ya watumwa baharini. Biashara hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kwa mkataba ambao Sayyid Barghash alitiliana na Waingereza mwaka 1873.

Hatutaki kumdhulumu marehemu. Kazi ile ya kuvizia majahazi usiku na kuwatoa watu waliofungwa chini ya sitaha ilikuwa kazi ya haki, hata kama waliomtuma walikuwa na makusudi yao mengine. Mwezi Desemba 1881, nahodha wa manowari hiyo, Brownrigg, alipouawa na wasafirishaji wa watumwa karibu na Pemba, ni Mathews aliyekwenda na askari kisiwani humo na kuwakamata wahusika.

Lakini wakati huo hakuwa tena afisa wa majini tu. Mwaka 1877 Sayyid Barghash aliazimwa afisa huyu ili amwundie jeshi la mtindo wa Kizungu. Majeshi ya watawala hapo kabla yalikuwa ya watu wa kutoka ng'ambo. Mathews aliwafungulia mlango Waafrika wa visiwani, wakiwemo watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na kurutu wapatao 300 katika gwaride. Mwaka 1881 aliacha utumishi wa majini wa nchi yake, akabaki kuwa jemadari wa Sultani. Mwaka 1882 aliliongoza jeshi hilo hadi Mwele, nyuma ya pwani ya Mombasa, kumpiga Mbaruk bin Rashid aliyeukataa utawala wa Unguja. Askari wetu walijifunza kutii, kulenga shabaha na kwenda kwa hatua moja. Hawakuulizwa wanampiga nani wala kwa faida ya nani.

Mwaka 1890 nchi yetu iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka uliofuata hazina ikaondolewa mikononi mwa Sultani, naye akawekwa katika posho. Mwezi Oktoba 1891 Mathews alifanywa Waziri wa Kwanza. Fedha, forodha, jeshi, polisi, posta na ujenzi, vyote vilipita mezani kwake. Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu: waziri huyu wa Sultani hakuweza kuondolewa na Sultani. Mtumishi ambaye bwana wake hana uwezo wa kumwondoa huyo si mtumishi tena, ni bwana. Na wananchi, yaani mkulima wa Makunduchi, mvuvi wa Mkoani na mtumwa aliyechuma karafuu za Wete, hao hawakuwa na njia yoyote ya kumuuliza hesabu.

Matunda ya hali hiyo yalionekana tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila ridhaa ya Waingereza. Mathews alikuwa miongoni mwa waliomwonya atoke. Alipokataa, manowari za Uingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa kasri wakauawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Na pamoja na Waingereza hao walisimama askari wa Zanzibar, wapatao 900, wa jeshi lile lile aliloliunda Mathews. Hatuandiki haya kwa kumlilia Khalid wala utawala wa kisultani, ambao wananchi wenyewe waliuondoa tarehe 12 Januari 1964. Twaandika kwa sababu siku ile ilidhihirika jeshi la nchi ni la nani.

Mwaka 1897, chini ya Sayyid Hamoud bin Muhammad, amri ilitolewa kuondoa utumwa katika sheria. Je, hii haikuwa heri? Ilikuwa heri, lakini ilipimwa kwa kijiko. Mtumwa hakuwa huru mpaka aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Akiupata, ilimpasa aonyeshe makazi na kazi ya kumlisha, ama sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Serikali iliogopa karafuu zisikose wachumaji na hazina isikose ushuru. Afisa aliyeanza kazi yake bandarini kwa kuwafungua watu minyororo alikuwa sasa waziri wa serikali iliyowafungua nusu nusu.

Mathews alifariki hapa Unguja tarehe 11 Oktoba 1901 kwa malaria, akiwa na umri wa miaka 51, akazikwa hapa kwa heshima za kijeshi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Miaka 26 aliishi nasi, akala chumvi yetu, na udongo wetu umemhifadhi. Bidii yake haikanushiki. Kilichokosekana ni kule bidii ilikoelekezwa.

Katika nchi yetu si jambo geni afisa wa jeshi aliyestaafu kukabidhiwa wilaya au mkoa. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Nidhamu, kuamka mapema na kutunza mali ya serikali ni sifa ambazo ofisi zetu nyingi zinazihitaji. Ila jeshini amri hushuka kutoka juu, na katika utumishi wa umma hesabu lazima ishuke chini, kwa wananchi. Kiongozi anayepokea taarifa za shehia mezani bila kukanyaga shehia yenyewe, au anayewaona wanaomuuliza juu ya ardhi na bei ya karafuu kuwa ni waasi, ameivua sare lakini hajavua manowari.

Cheo ni amana, na kila amana ina mwenyewe. Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu watumishi, wa Unguja na wa Pemba, kila asubuhi kabla ya kufungua faili la kwanza, wajiulize swali lile tulilochelewa kumuuliza Mathews.