Faili Limefutwa, Programu Bado Inalitumia

Msomaji mmoja wa Dodoma anayetumia Linux Mint ameuliza swali zuri. Alisasisha kompyuta yake huku akiendelea kuandika ripoti. Mafaili mengi ya mfumo yalibadilishwa, na hakuna kilichotikisika. Baadaye kidogo Firefox ikakataa kufungua tabo mpya, ikamtaka aifunge na kuiwasha upya. Rafiki yake akamshauri afute kila kitu na kupiga Linux upya. Yeye anataka kuelewa kwanza: kama mafaili yaliyokuwa yakitumika yalibadilishwa wakati ule ule, mbona mashine haikuanguka papo hapo? Na kama haikuanguka, mbona ilianza kusumbua baadaye?

Sitaeleza Linux ni nini, wala kwa nini tunasasisha. Aliyeuliza anayajua hayo. Maswali yake mawili yana jibu moja, nalo ni mojawapo ya mambo yanayonifurahisha kuliko yote katika sayansi ya kompyuta: kwenye Linux, jina la faili si faili.

Fungua terminali uandike ls -li. Mwanzoni mwa kila mstari utaona namba, pengine yenye tarakimu saba au nane. Kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo, namba hiyo ndiyo faili lenyewe. Kwa namba hiyo kerneli hupata taarifa zote: ukubwa, mwenye faili, ruhusa, na mahali data zilipolala kwenye diski. Jina halimo humo. Jina limeandikwa kwenye folda, na folda si chochote zaidi ya orodha ya majina na namba zinazoyahusu. Baada ya zile herufi za ruhusa kuna tarakimu nyingine, ambayo kwa faili la kawaida mara nyingi ni 1. Hiyo ni hesabu ya majina yanayoelekea kwenye namba ile. Faili moja linaweza kuwa na majina mawili au matatu. Na hapa ndipo utamu ulipo: linaweza pia kubaki bila jina hata moja, na bado likawa hai.

Fungu hilo la taarifa za kerneli huitwa inode. Ningependa kuiita hati ya faili, kwa kuwa ndiyo inayosema faili liko wapi na ni mali ya nani, lakini neno hati tumezoea kulitumia kwa nyaraka tunazoandika. Nitaiita kiwanja, na namba yake namba ya kiwanja.

Fikiria nyumba ya kulala wageni. Barabarani kuna kibao chenye mshale unaoelekea kiwanja namba 41. Mwenye nyumba anataka kujenga upya. Hagusi tofali hata moja la kiwanja 41, maana wageni wamelala ndani. Anajenga nyumba mpya kiwanja namba 87, anaipaka rangi, anaweka vitanda, na kila kitu kikishakamilika anaugeuza mshale wa kibao kwa mkupuo mmoja. Mgeni anayefika sasa anafuata kibao na kuingia kiwanja 87, na hatajua kamwe kwamba kuna nyumba nyingine. Waliomo kiwanja 41 hawagongewi mlango. Taa zao zinawaka, maji yanatoka, ingawa nyumba yao haina tena kibao mahali popote mjini. Sheria ya mji ni moja: nyumba isiyo na kibao haibomolewi mpaka mgeni wa mwisho arudishe ufunguo. Akiurudisha, inabomolewa muda huo huo na kiwanja kinakuwa wazi.

Hivyo ndivyo kusasisha kunavyokwenda. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint, programu ya dpkg hailiandiki faili jipya juu ya lile la zamani. Huliandika pembeni, kwa jina linaloishia na .dpkg-new, kisha hulipa jina lile la zamani. Ubadilishaji huo wa jina ni tendo lisilogawanyika: hakuna hata sekunde ndogo ambapo jina halielekei popote au linaelekea kwenye faili nusu. Programu iliyokwisha kulifungua faili la zamani inaendelea kushika kiwanja chake. Jaribu kinyume chake, yaani kunakili programu mpya kwa amri ya cp moja kwa moja juu ya programu inayoendeshwa, na kerneli itakukatalia kwa ujumbe Text file busy. Lakini mv inapita bila kipingamizi, kwa sababu mv inageuza mshale tu. Windows, kwa kawaida, hulifunga faili la programu inayotumika lisibadilishwe. Ndiyo maana hungoja hadi uzime mashine ndipo imalize kazi.

Muundo huu si mpya. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walikwisha kuueleza katika makala yao ya 1974 kuhusu Unix, pamoja na ile hesabu ya majina inayopungua mpaka sifuri. Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991, alifuata njia hiyo hiyo. Muundo huo unafumbua pia fumbo linalowatesa wengi: umefuta faili kubwa la kumbukumbu za mfumo, lakini diski bado inasema imejaa. Kuna programu bado imeshika ufunguo. Amri sudo lsof +L1 itakuonyesha mafaili yasiyo na jina na programu zinazoyashikilia.

Sasa tatizo la Firefox. Wageni wa kiwanja 41 wako salama kwa muda wote wanaobaki ndani. Shida huanza wanapomtuma mtu nje akalete kitu, kwa sababu aliyetumwa hufuata kibao, na kibao kinampeleka kiwanja 87, ambako funguo ni nyingine. Firefox huendesha tabo zake katika michakato tofauti. Ukifungua tabo mpya, huenda ikahitaji mchakato mpya, na mchakato huo unatoka kwenye faili lililopo diskini sasa, yaani toleo jipya. Firefox mama, iliyo kwenye kumbukumbu, ni toleo la zamani. Zinalinganisha namba za utengenezaji, zinaona hazifanani, nayo Firefox inakataa kuendelea. Hakuna kilichoharibika. Imegundua mapema kwamba ndani ya mashine moja kuna matoleo mawili, ikakwambia ukweli.

Programu nyingine hazina uungwana huo. Mwenye kadi ya NVIDIA akisasisha draiva bila kuwasha upya, moduli, yaani kipande cha draiva kilichopakiwa ndani ya kerneli, hubaki ya zamani huku maktaba zilizo diskini zikiwa mpya. Ukiendesha nvidia-smi unajibiwa Driver/library version mismatch, na mchezo au programu ya kuhariri video inakataa kufunguka. Kwenye Arch Linux hali huwa ya kushangaza zaidi. Kerneli mpya inapowekwa, folda ya moduli za kerneli ya zamani huondolewa. Kerneli ya zamani bado ndiyo inayoendesha mashine. Unachomeka flashi, inahitaji moduli ambayo haijapakiwa bado, kerneli inaitafuta diskini, haipo. Flashi nzima kabisa inaonekana kama imekufa. Andika uname -r uone kerneli inayoendesha, kisha ls /lib/modules uone zilizopo diskini. Kama jina la kwanza halimo katika orodha ya pili, umepata jibu, na flashi usiitupe. Ubuntu na Mint huepuka shida hii kwa kuwa kila toleo la kerneli lina folda yake, na la zamani halifutwi mara moja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya kusasisha, kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, ni kuwasha kompyuta upya. Ubuntu hata hukuwekea alama: faili /var/run/reboot-required likiwepo, mfumo unakuomba uwashe upya. Fedora Workstation iliamua kumaliza ubishi. Duka lake la programu hupakua masasisho ya mfumo, kisha huyaweka wakati wa kuwasha upya, kabla programu zako hazijafunguka.

Na kama umewasha upya ndipo skrini ikawa nyeusi? Hapo kweli kuna hitilafu, na mara nyingi iko kati ya kerneli na draiva. Torvalds ni mkali sana kwamba kerneli mpya isivunje programu za watumiaji zilizokuwa zikifanya kazi. Lakini ahadi hiyo haizihusu moduli ngeni zinazoingia ndani ya kerneli. Moduli zisizo sehemu ya kerneli yenyewe, kama draiva ya NVIDIA au zile za VirtualBox, lazima zitengenezwe upya kwa kila kerneli mpya. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na programu ya DKMS, na utengenezaji ukishindikana, au Secure Boot ikikataa moduli isiyo na saini, unabaki bila picha au bila Wi-Fi.

Dawa ipo kwenye diski yako tayari. Mashine inapowaka, shikilia Shift, au kwenye mashine za UEFI bonyeza Esc, mpaka menyu ya uwashaji, GRUB, itokee. Kwenye Ubuntu chagua Advanced options, kisha kerneli ya kabla ya hii. Mashine ikiwaka vizuri, umeshajua mambo mawili kwa pamoja: data zako ziko salama, na kosa liko kwenye kerneli mpya au moduli zake. Ukiwa ndani, journalctl -b -1 -p err itakusomea makosa ya uwashaji uliotangulia, dkms status itakwambia moduli zipi zimetengenezwa kwa kerneli ipi, na /var/log/apt/history.log imeandika kila kifurushi kilichobadilishwa, siku na saa. Angalia pia df -h /boot, kwa kuwa sehemu hiyo ikijaa kerneli mpya haiwezi kukamilika. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, sudo dpkg --configure -a humalizia kazi iliyobaki njiani.

Yote haya ni kama diski yenyewe haina hitilafu. Diski inayokufa ni habari nyingine, na nakala ya data yako haina mbadala.

Kwa msomaji wa Dodoma: usipige Linux upya. Hifadhi ripoti yako, zima mashine, iwashe. Ikigoma, ingia kwa kerneli ya zamani, unakili mistari ya makosa kama ilivyo, ndipo umtafute fundi. Na fundi akija na flashi ya kusakinisha mfumo upya bila kuuliza nini kilibadilishwa na lini, mtafute mwingine.