Wazee wa Ziwa Mweru: Salamu ya mfanyabiashara yaweza kuokoa maisha

NCHELENGE, Zambia. Alfajiri katika soko la samaki la Kashikishi, wachuuzi hukusanyika kununua chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, kabla malori hayajaondoka kuelekea Mansa na Copperbelt. Mazungumzo ni bei, mizani na hali ya barabara. Mzee anayeshona nyavu za wenzake pembeni si habari ya mtu. Hata hivyo, mfanyabiashara anayerudi hapo kila wiki anaweza kuwa wa kwanza kuona kwamba safari hii mzee huyo hayupo, au yupo lakini hasemi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Ripoti yake ya 2014 ilionyesha kuwa, karibu kila pembe ya dunia, viwango viko juu zaidi miongoni mwa wenye umri wa miaka 70 na kuendelea.

Sababu haiwi moja. Kufiwa na mwenza, maradhi yenye maumivu, upweke na hisia ya kuwa mzigo hulundikana. Ufukweni hapa, uvuvi husimamishwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Vijana hugeukia mashamba au biashara. Mzee aliyezoea kupewa kitoweo mitumbwi inapotua hubaki akisubiri watoto waliohamia mjini. Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa wilayani humu 2018, wapo wazee waliokimbia mapigano Congo na kuacha nyuma makaburi na mashamba yao.

Tuhuma za uchawi nazo huwatenga wazee. Sheria ya Zambia ya 1914 inafanya kumwita mtu mchawi kuwa kosa, lakini sheria haimrudishii mzee majirani walioacha kumsalimia.

Uzee wenyewe si ugonjwa, na huzuni isiyoondoka si sehemu yake ya lazima, sonona hutibika. Dalili za kuangalia ni mzee kusema hana faida tena, kugawa vitu anavyovithamini, kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, kuacha chakula au dawa, au kuzidisha pombe.

Wengi huogopa kuuliza, wakidhani swali litampa mtu wazo hilo. Wataalamu wanasema sivyo: kuuliza wazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua humpa nafasi ya kupumua. Msikilize bila kumkemea. Akikubali kwamba anafikiria hivyo, usimwache peke yake. Mwite ndugu anayemwamini na mfikisheni kituo cha afya au Hospitali ya St. Paul's, Kashikishi. Dawa za kuulia wadudu, ambazo nazo ni bidhaa sokoni, zifungiwe mahali salama.

Nauli nayo ni sehemu ya tiba. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyekosa dola 15 za basi la kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, waliofunzwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliohusisha watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa waliokaa na bibi hao walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Sheria pia zinabadilika. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Anayehitaji daktari hapaswi kuogopa polisi.

Zambia ina ruzuku ya fedha kwa kaya maskini, na wazee wa miaka 65 na zaidi ni kundi mojawapo linalolengwa. Kumsindikiza mzee kuulizia usajili huchukua asubuhi moja. Kumwamkia "Mwashibukeni mukwai" na kungoja ajibu huchukua muda mfupi kuliko kupima debe la dagaa.