Wembe wa Babu ni Urithi Usioazimwa

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, wakiwa na maana ya kwamba jeraha litamfunza yale aliyokataa kufunzwa kwa maneno. Lakini yuko mtoto mwingine aliliaye wembe kwa haki. Huyu ni yule ambaye babu yake alikuwa askari, na ambaye siku ya kugawana mali ya marehemu hukabidhiwa kisanduku cha bati chenye wembe, brashi, kioo kidogo na kibakuli cha sabuni. Wako wengi wa namna hiyo katika kambi zetu na katika vituo vyetu vya polisi. Leo twapenda kuzungumza nao juu ya asili ya vifaa hivyo, jinsi ya kuvitumia, na jambo moja ambalo hawana budi kulikataa hata kama wameachiwa na mzee wao mpenzi.

KIDEVU NA VITA

Si majeshi yote yaliyopenda kidevu kitupu. Katika Jeshi la Uingereza, kanuni ilimkataza askari kunyoa mdomo wa juu mpaka mwaka 1916, na mwenye kuyaondoa masharubu yake alikuwa amevunja amri. Kilichozidi kuwasukuma wanajeshi kwenye wembe ni vita vyenyewe. Tarehe 22 Aprili 1915, huko Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani waliachilia gesi ya sumu kwa wingi juu ya mahandaki ya adui. Tangu hapo askari alihitaji kinyago cha kuzuia gesi, na kinyago hakishiki barabara juu ya ndevu nene. Hewa chafu hupenya kati ya nywele na mpira. Basi kunyoa, ambako zamani kulikuwa pambo, kukawa sehemu ya kinga ya askari, kama ilivyo kofia ya chuma.

Wakati huo wembe uliojulikana zaidi ulikuwa ule wa kukunja, wenye mpini wa pembe au wa mfupa, uliofuliwa katika miji ya Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani. Ni chombo kizuri, lakini chataka mkono uliotulia na muda wa kukinoa, na handakini havipatikani vyote viwili. Mmarekani King Camp Gillette alikuwa amekwisha kuleta mashine yenye wembe mwembamba wa kubadilishwa. Katika mwaka 1903 aliuza mashine 51 tu na nyembe 168. Marekani ilipoingia vitani, serikali yake ilinunua mashine kama hizo milioni 3.5 na nyembe milioni 32 kwa ajili ya askari wake. Vijana waliokwenda vitani wakiwa wamezoea kunyolewa na kinyozi walirudi makwao wakijinyoa wenyewe kila asubuhi.

Hata wavumbuzi wengine walitoka jeshini. Luteni Kanali Jacob Schick wa Jeshi la Marekani aliitazama bunduki inayopakia risasi kutoka katika kasha lake, akatengeneza mashine inayohifadhi nyembe ndani ya mpini na kuzisukuma moja baada ya moja. Baadaye ndiye aliyeleta mashine ya umeme.

KATIKA NCHI ZETU

Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, kiliundwa mwaka 1902. Katika majeshi yaliyofuata desturi ya Kiingereza, siku ya ukaguzi askari hupanga vyombo vyake juu ya kitanda kwa mstari, na wembe na brashi havikosi mahali pake. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita katika bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua, matope na malaria, askari wake walikuwa na vyombo hivyo ndani ya mikoba yao.

Tunaijua familia moja ambayo mashine ya namna hiyo imepita mikono mitatu. Babu alikuwa askari wa Keya, akarudi kutoka Burma na mashine ya shaba ya manjano iliyopakwa nikeli. Mwanawe akawa sajini wa polisi. Mzee alipofariki, ukoo ulikusanyika kuzika, na baada ya maziko ikafika saa ya kuwanyoa vichwa watoto na wajukuu wa marehemu, kama mila ilivyotaka. Mkubwa wa ukoo akaagiza uletwe wembe wa marehemu na watu wote wanyolewe kwa huo mmoja. "Damu yetu ni moja," alisema. "Wembe mmoja watutosha."

Sajini aliileta mashine ya baba yake, akaiweka juu ya meza mbele ya watu wote. Kisha akatoa mfukoni pakiti za nyembe mpya alizonunua dukani asubuhi hiyo, akamwambia mkubwa wake kwa adabu: "Mzee, ukoo ni mmoja, lakini damu ya kila mtu i ndani ya mwili wake." Palitokea manung'uniko, na wako waliosema kwamba polisi anaingiza sheria za mjini katika msiba. Shangazi mmoja ndiye aliyesimama kwanza, akachukua wembe wake, akaketi. Waliobaki wakamfuata. Mila ilitimia, na hakuna aliyenyolewa kwa damu ya mwenzake. Mashine hiyo leo anayo mjukuu, ambaye ni askari wa jeshi.

KINACHORITHIWA NA KISICHORITHIWA

Kisa hicho chabeba jambo kuu la makala haya. Chuma kinarithiwa, na kazi ya kukitunza inarithiwa. Makali yaliyokwisha kugusa damu ya mtu mwingine hayarithiwi wala hayaazimwi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi vikiwa bado vina nguvu ya kuambukiza, na tone la damu lisiloonekana kwa macho latosha kuvibeba. Homa ya ini aina ya C na Ukimwi navyo hupita katika damu. Askari wanaolala bweni moja hugawana chumvi, sigara na maji ya chupa, na udugu huo ni mzuri. Wembe usiwe miongoni mwa vitu hivyo, hata kama ukaguzi ni baada ya dakika tano na mwenzako hana wake.

Brashi ya kale nayo ina habari yake. Brashi bora zilikuwa za manyoya ya mnyama wa Ulaya aliye jamaa ya nyegere. Vita Kuu ya Kwanza vilipoivuruga biashara hiyo, watengenezaji wakatumia singa za farasi kutoka Asia, na nyingine hazikusafishwa ipasavyo. Ndani yake mlikuwa na vijidudu vya kimeta. Watu zaidi ya 200, askari na raia, waliugua kimeta katika Uingereza na Marekani kwa sababu ya brashi za kunyolea. Hatari ya leo ni ndogo mno, lakini brashi mpya haina bei kubwa. Ile ya babu na ikae kabatini pamoja na medali zake.

JINSI YA KUITUMIA

Aliyerithi mashine ya chuma ana bahati, kwani nyembe zenye makali pande mbili ziuzwazo madukani leo huingia katika mashine nyingi za aina hiyo za tangu enzi za Gillette. Aifungue vipande vyote, aisugue kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, kisha kama ni ya chuma kitupu aichemshe kwa dakika 20. Asiilaze katika siki, maana siki hula nikeli. Akiisha kukaza wembe, atazame kama umejitokeza sawasawa pande zote mbili. Uliokaa upande utamkata.

Wahenga waliposema mwenzako akinyolewa wewe zako tia maji, walitaja pia hatua ya kwanza ya unyoaji. Ndevu zilowe katika maji ya moto kwa dakika mbili au tatu, ndipo sabuni ipakwe mpaka itoe povu zito. Mashine ishikwe kwa ncha ya mpini, ielekee kwenye ngozi kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, nayo ipite kufuata upande zinakoota ndevu. Mkono usisukume, uzito wa shaba watosha kufanya kazi. Wembe uliokwisha makali utupwe katika mkebe uliofungwa na kutobolewa tundu jembamba. Usitupwe katika pipa la taka ambalo mwenzetu atalimwaga kwa mikono mitupu.

Mwenye wembe wa kukunja ana kazi kubwa zaidi. Kabla ya kunyoa aupitishe juu ya ukanda wa ngozi mara 30 au zaidi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Akiupitisha kinyume atakata ukanda na kuharibu makali. Jiwe la kunolea hutumika mara chache, pale ambapo ukanda umeshindwa. Akiisha kunyoa aukaushe na kuupaka mafuta kidogo, kwa sababu chuma hicho hushika kutu upesi. Mpini wa pembe au mfupa usichemshwe.

NENO KWA WAKUBWA

Wengi wetu tuna ndevu zilizojipinda. Zikikatwa chini mno, ncha zake hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele, usaha na makovu ya kidevu. Mashine mpya zenye nyembe mbili au zaidi huinua unywele na kuukata chini ya ngozi, hivyo huongeza taabu hiyo. Mashine ya babu yenye wembe mmoja, ikitumiwa bila kuvuta ngozi na bila kurudia mara nyingi mahali pamoja, mara nyingi huipunguza. Lakini wako askari ambao hakuna wembe unaowafaa, nao wapelekwe kwa mganga wa kikosi. Kamanda anayemwadhibu mtu kwa vipele anaadhibu ngozi, hakuadhibu utovu wa nidhamu. Jeshi la Uingereza lenyewe, ambalo desturi zake tulizirithi, liliwaruhusu askari wake kufuga ndevu mwaka 2024, kwa sharti la kuwa nadhifu na kunyoa pale kazi inapodai.

Ndugu askari, ukikabidhiwa kisanduku cha mzee wako, kipokee kwa mikono miwili. Sugua chuma chake mpaka king'ae, jifunze kukitumia kama yeye alivyojifunza, nawe umwachie mwanao kikiwa hakina kutu. Weka ndani yake wembe mpya ulio wako peke yako. Mwenzako wa bweni akija mbio alfajiri kuomba umwazime, mpe wembe mwingine mpya kutoka katika pakiti, wala usimpe ule uliokwisha kuutumia.