Maradhi ya Tezi na Ukufunzi wa Mazoezi na Lishe Singida

Tezi dundumio, iliyopo mbele ya shingo chini ya koromeo, hutengeneza homoni, yaani kemikali zinazoratibu kasi ya mwili kutumia nishati, na homoni hizo zinapopungua mtu huchoka haraka, huhisi baridi na huongezeka uzito hata akila kwa kiasi. Mkoani Singida, mwenye hali hiyo anaweza kuwa mkufunzi wa mazoezi na lishe, mradi ameze vidonge vyake vya levothairoksini asubuhi kwa maji matupu, angalau nusu saa kabla ya uji au chai, apimwe damu kama daktari alivyopanga na aongeze mazoezi hatua kwa hatua.

Mkufunzi huyo ana somo muhimu la kutoa, kwa kuwa uwele, unaolimwa mkoani humo, una viambata vinavyoweza kuizuia tezi kutumia madini joto, ambayo mtu mzima huyahitaji kwa kiasi cha mikrogramu 150 kwa siku na ambayo upungufu wake husababisha rovu, yaani uvimbe wa tezi. Kila kaya, basi, inunue chumvi yenye madini joto, na mwenye uvimbe shingoni au uchovu usiokwisha aende hospitali kabla ya kujipangia mlo au mazoezi mazito.