Masharti ya kujiunga na masomo ya fiziotherapia nchini Marekani

Masharti ya kujiunga na masomo ya fiziotherapia nchini Marekani ni vigezo ambavyo mwombaji anapaswa kuvitimiza ili apokewe katika chuo kinachofundisha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo inayotumia mazoezi, mikono na vifaa kumrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea na kufanya kazi. Kila chuo hujiwekea masharti yake. Hata hivyo mengi yanafanana, kwa sababu vyuo hukaguliwa na chombo kimoja na wahitimu wa majimbo yote hufanya mtihani mmoja wa taifa.

Ngazi za masomo

Kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni ya mfiziotherapia msaidizi, ambaye hufanya kazi chini ya usimamizi wa mfiziotherapia. Masomo yake huchukua takriban miaka miwili na hutolewa zaidi katika vyuo vya jamii. Ya pili ni ya mfiziotherapia kamili, ambaye humpima mgonjwa, huamua tatizo lake na hupanga tiba. Huyu husoma shahada ya udaktari wa fiziotherapia, inayojulikana kwa kifupisho DPT, kwa kawaida kwa miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Shahada hiyo haimfanyi kuwa daktari wa kutoa dawa au kupasua.

Ngazi ya kwanza si njia ya mkato ya kufikia ya pili. Msaidizi anayetaka kuwa mfiziotherapia kamili bado anahitaji shahada ya kwanza na masomo ya sayansi yanayodaiwa na vyuo vya DPT.

Historia

Taaluma hii ilikua Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanawake walipofunzwa kuwahudumia askari waliojeruhiwa. Mmoja wao, Mary McMillan, alikuwa rais wa kwanza wa chama cha taaluma hiyo kilichoanzishwa mwaka 1921. Leo chama hicho kinaitwa American Physical Therapy Association (APTA).

Kadiri kazi ilivyopanuka, masharti ya kuingia yalipanda pia. Kwa miongo mingi shahada ya kwanza ilitosha, kisha vyuo vikahamia shahada ya uzamili. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Creighton, katika jimbo la Nebraska, kilianza kufundisha DPT kama shahada ya kuingilia kazini. Tangu mwaka 2016 programu zote zenye ithibati za kuandaa mfiziotherapia hutakiwa kutoa DPT.

Ithibati ya programu

Kabla ya kuangalia masharti ya chuo, mwombaji huangalia kama programu yenyewe ina ithibati ya tume inayoitwa Commission on Accreditation in Physical Therapy Education (CAPTE). Chuo kikuu kinaweza kuwa na ithibati ya jumla huku programu yake ya fiziotherapia ikiwa haina. Mwanafunzi anayehitimu ndani ya Marekani katika programu isiyo na ithibati ya CAPTE hawezi kupata leseni, hata kama alifaulu masomo yote na kulipa ada yote. Kwa kuwa wanafunzi wengi husoma kwa mikopo, kosa hili linaweza kumwachia mtu deni kubwa bila kazi.

Programu mpya hupewa kwanza hadhi ya kugombea ithibati. Hadhi hiyo huiruhusu kupokea wanafunzi, lakini haihakikishi kwamba ithibati itapatikana. Orodha ya programu zote na hadhi zake hutolewa na CAPTE yenyewe.

Masomo ya sharti

Kwa DPT, shahada ya kwanza inaweza kuwa ya fani yoyote. Kinachoangaliwa ni kama mwombaji amesoma masomo fulani, ambayo kwa kawaida ni haya:

- anatomia na fiziolojia ya binadamu, mihula miwili pamoja na maabara
- biolojia
- kemia, mihula miwili pamoja na maabara
- fizikia, mihula miwili pamoja na maabara
- saikolojia
- takwimu

Kila somo lina sababu yake. Mkono na mguu hufanya kazi kama wenzo, hivyo asiyejua fizikia hataelewa kwa nini mzigo mdogo ulioshikwa mbali na mwili huumiza mgongo. Takwimu humwezesha mfiziotherapia kusoma utafiti na kujua kama tiba fulani inasaidia kweli. Saikolojia humsaidia kuelewa maumivu ya muda mrefu na mgonjwa aliyekata tamaa.

Vyuo vingi hutaka alama isiyopungua C katika kila somo la sharti. Baadhi havikubali masomo yaliyosomwa zamani, kwa mfano zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kwa ngazi ya msaidizi, mwombaji huhitaji cheti cha kumaliza sekondari, na mara nyingi masomo ya Kiingereza, hisabati, anatomia na fiziolojia.

Wastani wa alama

Nchini Marekani alama ya A huhesabiwa 4, B huhesabiwa 3 na C huhesabiwa 2. Vyuo vingi vya DPT huweka wastani wa 3.0 kuwa kiwango cha chini, lakini kiwango hicho humruhusu mtu kuomba tu, na wengi wanaopokewa huwa na wastani wa juu zaidi. Wastani wa masomo ya sayansi huhesabiwa pia peke yake. Baadhi ya vyuo hutaka mtihani wa GRE, ingawa vingine vimeuacha.

Kuijua kazi, barua na usaili

Vyuo vingi hutaka mwombaji awe ameshinda saa kadhaa akimtazama mfiziotherapia akiwa kazini, hospitalini au katika kliniki. Idadi ya saa hutofautiana, na vingine havitaki kabisa. Lengo ni mwombaji aione kazi yenyewe mapema: kumwinua mgonjwa wa kiharusi, kurudia zoezi lile lile kila siku na kuandika kumbukumbu nyingi.

Mwombaji huleta pia barua za mapendekezo, mara nyingi kutoka kwa mwalimu wa sayansi na mfiziotherapia, pamoja na insha inayoeleza sababu za kuichagua taaluma hii. Vyuo vingi huwaita waliochujwa kwa usaili.

Afya na mwenendo

Aliyepokewa hutakiwa kuonyesha uthibitisho wa chanjo, kipimo cha kifua kikuu na cheti cha mafunzo ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Kumbukumbu zake za jinai pia huchunguzwa, kwa sababu hospitali hazimruhusu mwanafunzi kugusa wagonjwa bila uchunguzi huo. Mtu mwenye rekodi ya jinai anaweza kupokewa chuoni lakini akanyimwa leseni na bodi ya jimbo, hivyo hushauriwa kuiuliza bodi mapema.

Ulemavu peke yake haumzuii mtu kujiunga. Sheria ya mwaka 1990 kuhusu Wamarekani wenye ulemavu huvitaka vyuo kumwekea mwanafunzi mazingira yanayofaa, mradi anaweza kutimiza kazi za msingi za masomo.

Utaratibu wa maombi

Vyuo vingi vya DPT hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja uitwao PTCAS, ambao hufunguliwa katikati ya mwaka kwa ajili ya wanaoanza mwaka unaofuata. Mfumo huo huhesabu upya alama za mwombaji na kujumlisha hata alama za somo lililorudiwa, hivyo wastani unaweza kutofautiana na ule wa cheti cha chuo chake. Kwa kuwa mzunguko huja mara moja kwa mwaka, kukosa somo moja la sharti kunaweza kumgharimu mwombaji mwaka mzima.

Waombaji kutoka nchi nyingine

Mwenye shahada ya kwanza kutoka Kenya, Tanzania au nchi nyingine hutakiwa kupeleka vyeti vyake kwa shirika la tathmini ili vilinganishwe na vya Marekani, na mara nyingi kufanya mtihani wa Kiingereza kama TOEFL. Baadhi ya vyuo hutaka sehemu ya masomo ya sharti isomwe Marekani.

Aliyekwisha kuhitimu fiziotherapia nje ya Marekani ana njia tofauti. Kwa kawaida halazimiki kuanza upya DPT, bali elimu yake hutathminiwa, kwa mfano na shirika la FCCPT. Ikionekana inalingana, huomba ruhusa ya jimbo ya kufanya mtihani wa taifa.

Baada ya kuhitimu

Mhitimu hufanya mtihani wa taifa unaoitwa NPTE. Alama zake huanzia 200 hadi 800, na kufaulu ni 600. Leseni hutolewa na jimbo, si na chuo wala serikali kuu.