Katiba: Ushuru wa Bukoba ungekwenda hazina ipi?

Kodi ya mapato ya mnunuzi wa kahawa wa Muleba ingeingia hazina ya Tanganyika. Ushuru ulio ndani ya kreti ya bia Bukoba ungeingia hazina ya Muungano. Ndivyo ilivyopendekeza Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013. Ilitaka serikali tatu, na mambo ya Muungano yapungue kutoka 22 hadi 7.

Vuta nikuvute ikaanzia hapo. Rais Kikwete alihoji jeshi litalipwa kwa fedha gani endapo ushuru wa bidhaa hautatosha, swali ambalo mfanyabiashara yeyote angeliuliza. Upande wa pili ulijibu kuwa Zanzibar imekwisha kujitambulisha kuwa nchi tangu mabadiliko ya katiba yake ya 2010.

UKAWA walitoka Bunge Maalum Dodoma Aprili 16, 2014. Oktoba 2 waliobaki walipitisha serikali mbili. Kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na haijapigwa. Mwenye duka Bukoba bado analipa kwa Katiba ya 1977: kodi ya mapato, forodha na ushuru wa bidhaa, vyote mambo ya Muungano.